Chama Kilichotoka Kwenye Ndoo ya Maji Moto

Wiki iliyopita Rhobi, katibu wenu wa vijana, alikuja kwangu hapa Kabasa na daftari jipya na kalamu mbili. Akaniamkia, akakaa, akafungua ukurasa, akauliza kama karani wa mahakama: "Bibi, sababu za chama chetu kukua haraka hivi ni zipi? Tunaandika kijitabu cha wanachama wapya." Zake alikuwa ameshaziandika. Malipo madogo. Vibarua wasio na mkataba. Bei ya pamba. Vijana wenye vyeti wanaoendesha bodaboda. Wakubwa wanaoonekana wakati wa kura tu. Nikamwambia zote ni kweli, ila zote zilikuwepo hata kabla chama hakijakuwepo. Shida tulikuwa nazo tangu mimi msichana na hazikuzaa chama chochote. Rhobi akanitazama, akaacha kuandika.

Nikamwambia aniachie lile daftari. Kwa hiyo haya ni maneno yangu, kwenu ninyi vijana wa tawi la Bunda, la Nyamuswa, na zaidi lile la Mugeta. Mniwie radhi kama yanarukaruka. Siku hizi mchana nikijilaza mkekani usingizi unanichukua kidogo kidogo, na mikono inaanza kukata samaki yenyewe. Jirani yangu akipita uani ananiuliza, "Mama, leo umekata wangapi?" Namwambia ndoo nne. Nikiamka nasikia bado harufu ya barafu, na barafu ina harufu, msibishe kama hamjaishi nayo.

Lakini kabla sijaanza, mjue ninachokitafuta. Kule Mugeta kuna mama anaitwa Nyabise. Ninyi mnamjua kwa jina lingine. Mkipita kwake na bendera mnaimba ule wimbo wa glavu, naye anaingia ndani anafunga mlango, halafu mnacheka. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa au mlikuwa mnanyonya wakati jambo hilo linatokea, mmerithi tu. Nataka mkimaliza kusoma mmwache mama huyo. Hicho tu. Sababu za chama kukua zitajitokeza njiani.

Mimi nilikuwa mkata minofu. Nilitoka Nyamuswa nikiwa na begi moja na jozi ya kandambili, nikapitia Butiama, nikashuka Musoma alfajiri ambayo ziwa lilikuwa limejifunika ukungu hadi barabarani. Sikuliona ziwa siku hiyo. Nililisikia tu, linapumua upande wa kushoto. Nikafuata watu waliokuwa wanatembea bila kusema neno, mpaka nikajikuta kwenye geti la kiwanda cha samaki. Walikuwepo kama mia hivi, wanawake kwa wanaume, na juu ya ukuta wamejipanga makorongo, wale wakubwa wenye vipara, wanasubiri utumbo wa samaki. Nasi tunasubiri. Nikajisemea moyoni kwamba tofauti yetu na hawa ndege ni kwamba wao wanajua watakula.

Geti likifunguka anatoka supavaiza, jina lake Manyama. Hakuwa mtu mkali. Nawaambia hivi kwa sababu kwenye mikutano mnamwigizaga na tumbo kubwa na sauti ya radi. Alikuwa mwembamba, anaongea polepole, na alikuwa anaonea aibu kazi ile ya kuchagua watu. Anatembea mbele yetu ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Kidole kikikupita, siku yako imekwisha kabla jua halijachomoza. Siku ile kidole kilinigusa. Sijui aliona nini kwangu, labda aliona mabega.

Ndani wakanipa gambuti. Nikazivaa kwa haraka, nikaingia, nikakaa mezani nusu siku nikiwa nimevaa mbili za mguu wa kushoto. Niliogopa kusema. Nilidhani kiwandani ndivyo zilivyo. Mama aliyekuwa amesimama mbele yangu alinitazama miguu, akanitazama uso, akasema, "Dada, wewe unaenda upande gani?" Meza nzima ikacheka. Huyo alikuwa Wegesa, mtu wa Butiama, na huyo ndiye Wegesa mwenyekiti wenu ambaye picha yake iko ofisini. Wakati huo hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa na kisu chembamba kilicholiwa na kinoo mpaka kimebaki kama jani la muwa.

Yeye ndiye alinifundisha. Sangara usimkate kwa nguvu. Unaanzia nyuma ya pezi la shavuni, unashusha kisu mpaka kiguse uti, halafu unakilaza na kukiacha kiende. Mimi nilikuwa nabonyeza, naacha nyama kwenye mifupa, na mifupa ile yenye nyama ndiyo inayokusemea kwa supavaiza. Wegesa akanishika kiwiko. "Usiangalie kisu. Sikiliza mfupa, utasikia kama unakwaruza sufuria kwa mbali. Ukiacha kusikia, umepotea." Nikafumba macho. Nikasikia. Kuanzia siku ile nilikata nusu ya maisha yangu nikiwa kama nimelala, mikono inasikiliza, akili iko Nyamuswa kwenye mtama wa mama yangu. Ninyi mnaoandika hotuba kwenye simu hamuwezi kujua utamu wa kazi ambayo mwili umeielewa.

Sasa ndoo. Andikeni hii, maana ndipo chama kilipotoka.

Minofu inakaa kwenye barafu, na sisi mikono ilikuwa kwenye minofu. Glavu zilikuwa za mpira mwepesi, zinachanika, maji ya barafu yanaingia yanakaa humo humo. Ikifika saa nne vidole hauvisikii tena. Unaweza kujikata usijue, unaona tu minofu imebadilika rangi. Wegesa akamwomba mpishi wa kantini ndoo moja ya maji ya moto wakati wa mapumziko. Tukaizunguka. Kila mmoja akachovya mikono. Mikono sita, saba, nane ndani ya ndoo moja, inagusana chini ya maji, hujui kidole kipi ni chako. Mvuke unapanda, nyuso zinapotea, na watu wakaanza kusema.

Nimewahi kuhudhuria mikutano mikubwa Musoma mjini na uwanja wa Bunda, yenye vipaza sauti na malori. Hakuna hata mmoja ambao watu walisema ukweli kama pale kwenye ndoo. Mtu mwenye mikono ndani ya maji moto hawezi kujikuna, hawezi kushika simu, hawezi kuondoka. Anasema. Na utaratibu wake ulikuwa mmoja, Wegesa aliuweka bila kutangaza: mwenye mikono baridi zaidi ndiye anaanza. Hauulizwi kabila wala dini, wala umeingia lini kazini. Unanyoosha mikono, wenzako wanaigusa, wanasema, "Huyu kwanza."

Nyabise mara nyingi ndiye alikuwa wa kwanza. Alikuwa msichana mwembamba, ametoka Mugeta, damu yake haipendi baridi. Ana maneno machache. Akicheka anaziba mdomo kwa kiwiko kwa sababu mikono ina samaki. Tatizo lake lilikuwa getini. Kidole cha Manyama kilikuwa kinampita. Siku tatu, siku nne mfululizo anarudi kwenye chumba alichopanga, analala na uji. Akichaguliwa anakata polepole kwa sababu ya njaa, na akikata polepole kesho hachaguliwi. Mnaona jinsi inavyozunguka.

Siku moja Nyabise hakuwepo kwenye ndoo, na Wegesa akauliza, mikono yetu ikiwa majini, "Kwenu mtu akiugua, shamba lake nani analimaga?" Tukamshangaa. Kila mtu wa huku anajua. Tunalima kwa zamu, leo kwako kesho kwake, na mgonjwa tunamlimia bila yeye kuja. Hata mtoto anajua. Wegesa akasema, "Basi kwa nini hapa tumesahau? Tumevuka daraja gani tukawa watu wengine?"

Hapo ndipo zamu ilipoanza. Ilikuwa hivi: ukichaguliwa siku mbili mfululizo, ya tatu hauendi getini. Unakaa nyumbani, unafua, unalala. Manyama akitoka hakuoni, kidole chake kinalazimika kwenda kwa mwingine. Hatukuandika mahali. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa yeyote. Kidole kilikuwa cha kwake, lakini tulikuwa tunakiendesha sisi. Ndani ya mwezi mmoja Nyabise alikuwa amenenepa mashavu, na kisu chake kimepata mwendo.

Sasa Rhobi, hii ndiyo sababu yangu ya kwanza, na uiandike juu ya zile zako. Chama chenu watu hawakukisikia kwanza. Walikiona. Kabla mtu hajasimama jukwaani kusema neno umoja, kulikuwa na wanawake Musoma ambao wameshakaa nyumbani siku yao ya tatu ili mwenzao ale. Na halikuwa jambo geni lililoletwa na wasomi. Lilikuwa la nyumbani, tulikuwa tumeliacha tu kwenye kituo cha basi wakati tunakuja mjini.

Tuliliharibu kwa wema wetu wenyewe. Hili nikilikumbuka nacheka hadi leo, ijapokuwa ndilo lililoleta balaa. Wiki moja kulikuwa na misiba miwili, na watu wakawa wanaoneana huruma. Mimi nikamwambia mwenzangu wa meza, "Kesho nenda wewe, mimi nitakaa." Yeye asubuhi akamwachia jirani yake. Jirani naye alikuwa ameshamwachia mwingine. Kila mtu akatoa nafasi yake kwa heshima na kulala usingizi mzuri. Asubuhi Manyama akafungua geti, wakata minofu wote wepesi hawapo. Waliosimama pale ni wageni watupu na makorongo. Akachukua wageni. Samaki wa siku ile walikatwa kama kuni, na gari la barafu likaondoka jioni nusu tupu. Mimi nilikuwa nyumbani nasuka nywele, nimejaa amani.

Wakubwa wa kiwanda wakajua kwamba kuna mkono unapanga. Wakamwambia Manyama autafute.

Hapa kalamu inataka kusimama. Ngoja inywe maji.

Siku mbili baadaye, mchana, Manyama aliniita ofisini. Dirisha lake lilikuwa linatazama ziwa, na siku ile ziwa lilikuwa jeupe, halina mwisho, mtumbwi mmoja uko katikati kama umening'inizwa. Nakumbuka nilitazama ule mtumbwi muda mrefu. Akanipa chai ya maziwa. Akasema mikono yangu ni mizuri, kwamba kiwanda kinataka watu wachache wa ajira ya kudumu, wenye karatasi, wasiosimama tena getini. Karatasi yenyewe ilikuwa mezani, jina langu limeshaandikwa, Nyangeta, kwa herufi nzuri. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi nani anawapangiaga zamu?"

Sikupigwa. Sikutishwa. Ningeweza kusema sijui, na nadhani angenipa karatasi ile hata hivyo, maana hakuwa mtu mbaya. Nilisema, "Wegesa." Neno moja. Lilitoka laini kabisa, kama samaki anavyoteleza mkononi, na kikombe kilikuwa bado cha moto.

Nilipotoka, Nyabise alikuwa kwenye korido. Amekuja kuonyesha glavu zake zilizochanika. Tukapishana, akaniuliza kama supavaiza yumo, nikamwambia yumo. Manyama alikuwa amefurahi, amepata alichotafuta, akampa Nyabise jozi mpya palepale. Glavu mpya, za rangi ya machungwa, ambazo sisi wote tulikuwa tumeziomba mwezi mzima bila kupata.

Kesho yake Wegesa alizuiwa getini. Akaambiwa asionekane tena, wala asichaguliwe na kiwanda kingine pale mjini. Hakulia. Alituaga kwa kutushika mikono mmoja mmoja, pale nje, ukungu ukiwa mzito mpaka nilimwona akipungua, kwanza miguu, halafu khanga, halafu hayupo. Mkono wangu aliushika kama wa wengine.

Siku ile tukaizunguka ndoo kama kawaida. Nyabise akaja, akavua zile glavu mpya, akaziweka pembeni. Mmoja akaziangalia. Mwingine akaziangalia. Mtu akasema, "Wewe jana ulikuwa ofisini?" Nyabise akasema ndiyo. Akaeleza. Alivyoeleza ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana haikuaminika, ilikuwa fupi mno. Wakatoa mikono majini, mmoja mmoja, wakamwachia ndoo yote peke yake.

Mimi nilitoa mikono yangu pia. Nilikuwa wa tatu au wa nne. Ningeweza kusema pale, na kila siku iliyofuata ningeweza kusema, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Alivumilia wiki mbili, anapasha mikono kwapani. Halafu akarudi kwao Mugeta. Nami nikawa na karatasi yangu. Sikusimama tena getini mpaka nilipostaafu.

Sasa twende kwenye zile sababu nyingine. Wegesa alikaa kwao Butiama msimu mmoja, analima mihogo, hana kazi, hana geti la kuwahi. Mtu wa namna ile ukimpa muda umempa silaha. Akaja Bunda msimu wa pamba, akawakuta wabeba robota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wanaume wenye migongo kama milango, wanagombana kila asubuhi nani abebe. Akakaa nao kivulini, akawauliza lile lile swali la shamba la mgonjwa. Wakamcheka. Wiki ya pili mmoja wao akavunjika mguu, wakakumbuka. Wakaanza zamu, na wa mguu alipata sehemu yake hadi mfupa ukaunga.

Kutoka hapo jambo likaenda lenyewe. Vijana wa bodaboda pale Nyamuswa walikuwa wanapiganiaga abiria mpaka wanamvua kiatu. Wakaweka zamu kijiweni, na wakaona hata abiria wameongezeka kwa sababu hakuna tena anayeogopa kushuka basi pale. Na bodaboda anafika mahali ambapo diwani hafiki. Anambeba mama mjamzito, anambeba mganga, anabeba maiti siku mbaya, na njiani anaongea. Wegesa alikuwa ameyasambaza maneno yake wilaya nzima bila kununua hata lita moja ya mafuta.

Wakati ule Musoma kulikuwa na chama kidogo, kimeandikishwa, kina jina refu ambalo liko kwenye kadi zenu, kina ofisi ya chumba kimoja na viti vitano. Wao walikuwa na karatasi bila watu. Wegesa alikuwa na watu bila karatasi. Wakakutana. Uchaguzi wa mitaa ulipokuja watu waliuliza tu, "Hicho ndicho chama cha zamu?" Wakiambiwa ndiyo, wanapiga kura wanakwenda zao. Tulichukua mitaa, tukachukua vitongoji, madiwani wakafuata, na magazeti yakaandika kwamba tumetokea usingizini. Labda ni kweli. Mimi nakumbuka miaka ile yote kama mtu anayekumbuka ndoto aliyoota akiwa amesimama: bendera nyingi, vumbi la barabara ya Nyamuswa, sauti za wanawake zinakuja na upepo kabla hawajaonekana.

Na katika sauti zile kulikuwa na wimbo wa glavu. Hii ni sababu ambayo Rhobi hakuiandika na hakuna kijitabu kitakachoiandika. Zamu ilituleta pamoja, lakini mwendo wa haraka tuliupata kwa kuwa na mtu wa kumchukia. Sijui nani alitunga. Ulianzia Musoma kwa wakata minofu, ukafika Bunda umeshapata makofi. "Kwa glavu, kwa glavu mpya, dada alituuza." Watu ambao hawajawahi kuona samaki mzima waliimba. Mzee wa pamba hawezi kuelewa maana ya mkataba, lakini kuuzwa na mwenzako anakuelewa mara moja, damu inamchemka, anachukua kadi. Nimeona mkutano uliopoa kabisa ukafufuka kwa wimbo ule. Nami niliuimba. Nina sauti nzuri, mnajua, mara nyingi mimi ndiye nilikuwa nauanzisha.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Mimi nilitamka neno moja kwenye chai, Wegesa akafukuzwa, na kwa kufukuzwa kwake chama kikafika kila kijiji. Nikanyamaza, Nyabise akabebeshwa, na kwa kubebeshwa kwake chama kikapata wimbo. Mara nyingine nikiwa nimejilaza mchana shetani ananinong'oneza kwamba kumbe mimi ndiye mwasisi. Naamka na jasho.

Rhobi alipoondoka siku ile aliniambia jambo moja mlangoni, kwa furaha. Kwenye kijitabu kutakuwa na ukurasa wa wasaliti, ili wanachama wapya wajifunze, na jina la Nyabise litaandikwa kamili pamoja na kijiji chake. Sikulala vizuri. Kuimba kunapita na upepo, kitabu kinabaki hadi kwa wajukuu zake.

Nikaenda Butiama kwa Wegesa. Nilimkuta anapepeta ulezi uani, makapi yanamzunguka kichwani kwenye jua kama vile vijidudu vya ziwa vinavyopanda asubuhi. Nikamwambia yote, nimesimama, sikukubali kiti. Hakuacha kupepeta. Nilisubiri anifukuze, au anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Akasema, "Mimi nilifukuzwa na kiwanda. Nikapata watu. Nyabise alifukuzwa na watu. Sasa umekuja kwangu kufanya nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi, dada."

"Mugeta unakujua?"

"Nakujua."

"Basi hujafika."

Nikageuka siku hiyohiyo, nikalala kwa ndugu zangu Nyamuswa, asubuhi nikachukua bodaboda hadi Mugeta. Kijana aliyenibeba alikuwa na bendera yetu kwenye taa ya mbele. Nilipomwambia nyumba ninayokwenda akapunguza mwendo, akasema, "Bibi, kule kwa wa glavu?" Nikamwambia ndiyo, kule.

Nyabise alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Amezeeka kama mimi. Vidole vyake vimepinda, na pamoja na jua lile kali, alikuwa amevaa soksi mikononi. Baridi ile haikumtoka. Akanitambua, akanikaribisha, akaniletea kigoda. Nikaanza kusema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikafika kwenye lile la chai nikakwama. Nikasema tu, "Aliyemtaja Wegesa ni mimi."

Akageuza vipande viwili vya muhogo. Akageuza cha tatu.

"Mimi nilijuaga siku zote kwamba si mimi," akasema. "Hilo hukuhitaji kupanda bodaboda kuja kuniambia. Wasiojua ni wale wanaoimba."

Nikamwambia nitaandika, nitaeleza kila kitu, na Rhobi atayasoma kwenye mkutano, ana sauti ya kusomea.

"Rhobi alikuwepo kwenye ndoo?"

"Hakuwepo. Hakuwa amezaliwa."

"Basi Rhobi hana la kusoma." Akanyoosha mgongo, akatazama barabarani, kule mnadani. "Siku ya mnada wanafunga kipaza sauti pale kwenye mti wa karibu na josho la ng'ombe. Mimi kutoka hapa nakisikiaga vizuri, kila neno. Uje useme kwa mdomo wako. Nitakuwa nimekaa hapahapa, sitafunga mlango."

Nikamuuliza kama baadaye naweza kuja kumsalimia. Akasema tuone kwanza kama nitasema.

Nina woga, wanangu. Nitawaambia bila kuficha. Mtu wa umri wangu anapenda kusalimiwa barabarani, na ninyi mmenizoesha vibaya, mnaniita mama wa chama, mnanipa kiti cha mbele. Baada ya Jumamosi, siku ya mnada, sijui mtaniita nani. Labda mtatunga wimbo mwingine, maana mnajua kutunga. Mkitunga, wekeni chai na karatasi, glavu ziondoeni. Lakini afadhali msitunge kabisa, tafuteni namna nyingine ya kukua.

Daftari hili namrudishia Rhobi leo, aone kwamba ukurasa ule hauna jina la kuandika isipokuwa langu, na langu nitalitamka mwenyewe kwanza. Jumamosi ni mnada Mugeta. Nitapanda basi la asubuhi. Atakayetaka kuja na aje, na bendera aje nayo, ila tukipita pale kwenye ile nyumba yenye mihogo juu ya jiwe, nawaomba sana, tupite kimya.